Magofu ya Wamaya na visiwa, siku 10 na watoto watatu pamoja na bibi yao: tuanzie wapi, tuache nini?

Mama Watatu

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa aliyewahi kufika kule. Desemba shule zikifungwa tunaenda Meksiko, tunashukia Cancún, tuna siku 10 kamili ukiondoa za kusafiri. Tuko sita, mimi na mume wangu, watoto wa miaka 5, 9 na 14, na mama yangu mzazi ana miaka 68. Magoti yanamsumbua, anatembea vizuri tu sehemu tambarare ila ngazi hapana.

Safari yote hii imeanzia kwa huyu wa miaka 9, alisoma shuleni habari za piramidi za Wamaya, wenyeji wa kule tangu kale, na tangu siku hiyo hatuna amani ndani ya nyumba, anachora piramidi mpaka kwenye daftari la hesabu. Mkubwa yeye anataka kuogelea na papa potwe, mdogo akiona maji na mchanga basi kamaliza. Mama yangu nikimuuliza anataka nini ananijibu "popote mtakapokwenda mimi nipo", na hilo ndo linaniumiza maana namjua, kafanya kazi ya ukunga miaka zaidi ya 30 kazoea kuhudumia wengine, mwisho wa siku atakaa chini ya mti kashika mabegi yetu safari nzima na atasema kafurahi. Sitaki hivyo, nataka na yeye apate kitu chake.

Orodha yangu mpaka sasa: Chichén Itzá, Tulum, Cobá, Uxmal, halafu tuvuke Guatemala tuone Tikal, na visiwa Isla Mujeres, Cozumel na Caye Caulker ya Belize. Mume wangu kaiangalia akasema haiwezekani, mi nasema tukijipanga inawezekana. Nani yuko sahihi? Na je bibi atafika wapi na wapi bila kupanda? Natanguliza shukrani.

Sele Mashua

Dada pole na hongera, ila kwenye hili shemeji yuko sahihi kabisa. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika nane. Ngoja nikupe picha ya umbali kwanza. Cancún mpaka Chichén Itzá ni kama kilomita 200, kwenda tu ni masaa mawili na nusu. Cancún mpaka Tulum kama 130. Uxmal iko upande wa pili kabisa, kusini ya Mérida, na Mérida yenyewe iko kilomita 300 kutoka Cancún. Tikal usiiguse kwa safari hii, ni nchi nyingine, mpaka mwingine, na njia ya barabara inakula siku nzima na zaidi kwenda tu, na mtoto wa miaka 5 ndani ya basi utamwonea huruma.

Sisi tulienda tukiwa watano, watoto wawili na mama mkwe, na kosa tulilofanya ni hilo hilo la kutaka kuona kila jiwe. Siku ya nne watoto walikuwa wanaona magofu wanageuza shingo. Ningerudi leo ningechukua magofu matatu tu na visiwa viwili, na siku mbili nzima za kukaa bila ratiba yoyote.

Chichén Itzá lazima, kwa ajili ya huyo mwanao wa kati. Na hapa nikutoe wasiwasi wa bibi: piramidi kubwa ile ya Kukulcán HAKUNA anayeruhusiwa kupanda, walishafunga miaka mingi, kwa hiyo kijana wa miaka 14 na bibi wa 68 wote wanasimama chini sehemu moja wanaangalia juu. Eneo ni tambarare, njia pana. Shida yake ni jua, kivuli kipo pembeni kwenye miti ila ule uwanja wa katikati hauna kitu, kofia na maji ya kutosha ni lazima.

Sasa sikiliza ujanja wa muda. Geti linafunguliwa saa 2 asubuhi, mabasi ya watalii kutoka Cancún yanaanza kumiminika kuelekea saa 5. Lala Valladolid usiku wa kabla, ni mji mdogo mzuri, uko kilomita 40 na kitu tu kutoka hapo, saa 2 kamili uko getini na kwa saa nzima na nusu mtakuwa mnasikia ndege. Halafu kitu ambacho watu wengi hawaambiwi, Cancún na Chichén Itzá ziko majimbo tofauti na saa tofauti. Cancún ni jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá ni jimbo la Yucatán ambako saa iko nyuma kwa saa moja. Ukienda unapata saa moja ya bure, ukirudi inakukata, kwa hiyo kama una tiketi ya boti au ndege jioni angalia sana hapo.

Sisi siku ile tulichukua basi la kampuni moja ya utalii, walitubeba saa 1 asubuhi, wakatuzungusha hoteli baada ya hoteli kuchukua wengine, wakatusimamisha kwenye duka la vinyago karibu saa nzima, tukafika mchana jua la utosi, tukapewa saa moja na nusu tuzunguke. Mama mkwe aliona piramidi na choo basi. Iliniuma sana maana tulikuwa tumeilipia pesa nzuri. Kodisheni gari au mchukue dereva wenu wenyewe, kwa watu sita hata gharama haitapishani sana.

Tiketi kwa mgeni mtu mzima ni zaidi ya peso 600, ina sehemu mbili, ya serikali kuu na ya jimbo, zinalipwa hapo hapo. Usiende Jumapili, siku hiyo wenyeji hawalipi ile ya serikali kuu na panajaa mno.

Mkifika simameni mbele ya ngazi za piramidi mpige makofi mara moja, kwa nguvu. Mwangwi unaorudi sio makofi, ni mlio kama wa ndege, watu wanasema ni ndege quetzal aliyekuwa mtukufu kwao. Mwanangu alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Na mwambieni wa kati ahesabu: kila upande ngazi 91, pande nne zinakuwa 364, ongeza jukwaa la juu ni 365, siku za mwaka. Ule mchezo wa kivuli cha nyoka anayeshuka ngazi hamtauona Desemba, huo ni Machi na Septemba usiku na mchana vikilingana, ila vichwa vya nyoka vya mawe chini ya ngazi za kaskazini vipo mwaka mzima.

Gofu la pili chukua Cobá, na hili nalisema kwa ajili ya bibi. Liko ndani ya msitu, kivuli kila mahali, na kutoka getini mpaka ile piramidi yao kubwa Nohoch Mul yenye mita 42 ni kama kilomita mbili, lakini hamtembei! Kuna baiskeli za kukodi kwa watoto, na kuna baiskeli za miguu mitatu ambazo abiria anakaa mbele kwenye kiti na mwenyeji anapiga pedali nyuma. Mama mkwe alikaa kama malkia, upepo unampiga, yule kijana Mmaya anamsimulia njiani. Hiyo ndo siku aliyoongea mpaka usiku.

La tatu Tulum, dogo, liko juu ya jabali na bahari ya rangi ya samawati chini yake, saa moja na nusu umemaliza. Iguana wamejaa, mijusi wakubwa urefu wa mkono wa mtu wanaota jua juu ya kuta, mwanao mdogo atasahau hata kama kuna bahari. Sasa hivi liko ndani ya hifadhi wanayoiita Parque del Jaguar kwa hiyo kuna viingilio zaidi ya kimoja, msishangae.

Visiwa narudi baadae, naitwa.

binti kasa

Sele umeongea vizuri ila umeipita Belize kama haipo, ngoja niitetee kidogo.

Dada kama ungekuwa hujakata tiketi ya Cancún ningekwambia nenda Belize moja kwa moja. Nchi ndogo, Kiingereza ndo lugha ya serikali, dola yao mbili ni dola moja ya Marekani haibadiliki, na magofu yao yana watu wachache mno. Xunantunich unavuka mto Mopan kwa pantoni inayozungushwa kwa mkono, watu na magari juu yake, na piramidi ya mita 40 unaipanda mpaka juu unaiona Guatemala. Lamanai unakwenda kwa boti kutoka Orange Walk, unapita mtoni katikati ya msitu unaona mamba na ndege wa kila aina, ukifika kima wanaunguruma juu ya miti utadhani simba. Kwa mtoto anayependa mambo haya ile njia peke yake ni safari. Altun Ha ndipo walipochimbua mwaka 1968 kichwa cha mungu jua kilichochongwa kwa jiwe la jade, zaidi ya kilo 4.

Na Caye Caulker hakuna magari, mchanga mtupu, ukifika unakutana na kibao kinakwambia nenda polepole. Boti kutoka Belize City chini ya saa moja. Pale karibu kuna hifadhi ya Hol Chan, ipo tangu 1987, unaingia majini na miwani na mrija unaona samaki aina ya taa na wale papa wapole wanaolala chini kwenye mchanga, mkubwa wako pale angepata papa wake hata kama sio potwe.

Lakini nasema ukweli, kutoka Cancún kwa siku 10 na mtoto wa miaka 5 usijaribu kuunganisha. Belize iwekee safari yake. Mimi nimesema tu usije ukafikiri Wamaya ni Meksiko peke yake.

Kitu kingine, kule kote msiwapake watoto losheni ya jua halafu wakaingia kwenye matumbawe au kwenye senote, yale mashimo ya maji ya kuogelea, inaua viumbe wa mle. Wavalisheni fulana za mikono mirefu za kuogelea, inatosha na haiwashi macho.

Mwl Kombo

Nimefundisha historia miaka mingi na nimebahatika kufika Yucatán mara mbili, naomba niongeze yale ambayo mwongoza watalii wa haraka haraka hatawaambia watoto.

La kwanza, mama, tafadhali usikubali mwanao aambiwe Wamaya "walipotea". Miji mingi ya kusini iliachwa kwenye karne ya 9, ni kweli, ukame, vita, watu kuwa wengi kuliko ardhi, wataalamu wanajadili uzito wa kila sababu. Lakini watu hawakupotea. Yule kijana wa baiskeli aliyemsimulia mama mkwe wa Sele ni Mmaya. Meksiko peke yake wanaozungumza Kimaya cha Yucatán ni zaidi ya laki 7, na Guatemala kuna lugha za Kimaya zaidi ya 20. Ule mji wa Flores karibu na Tikal, ambao ni kisiwa ziwani, ulikuwa makao ya Waitzá, kabila la Wamaya, na haukuangukia mikononi mwa Wahispania mpaka 1697, zaidi ya miaka 200 baada ya Columbus kufika Amerika. Mfundisheni mtoto maneno mawili kabla hamjaondoka: *ma'alob* ni nzuri, *Dyos bo'otik* ni asante. Akimwambia mama muuzaji pale Valladolid *Dyos bo'otik* utaona uso wake.

La pili ni hesabu. Huyo anayechora piramidi kwenye daftari la hesabu mimi nampenda tayari. Wamaya walihesabu kwa ishirini ishirini, na waliandika kwa alama tatu tu, nukta ni moja, mstari ni tano, na gamba la kome ni sifuri. Sifuri wakati huo Ulaya hawakuwa nayo. Sasa kila mtu aandike umri wake. Wa miaka 5 ni mstari mmoja, amemaliza. Wa 9 ni mstari na nukta nne juu yake. Wa 14 mistari miwili na nukta nne. Bibi ndio mtamu, 68 inapanda ghorofa: juu nukta tatu, maana yake ishirini tatu, na chini mstari wenye nukta tatu, yaani nane. Mpeni wa kati kazi ya kuandikia familia nzima, ataelewa kuliko darasa la mwezi.

Uwanja wa mpira pale Chichén Itzá msiupite mbio, una urefu wa mita 168, mkubwa kuliko yote iliyobaki ya Wamaya. Walicheza na mpira mzito wa utomvu wa mti, wanaupiga kwa nyonga, na pete za mawe ziko juu kama mita 6 hivi. Mwambieni huyo wa miaka 14 ajaribu kufikiria.

La tatu ndio lililonifanya niandike. Umesema mama yako ni mkunga. Cozumel kilikuwa kisiwa kitakatifu cha Ixchel, mungu wa kike waliyemhusisha na uzazi, tiba na mwezi. Yeye ndiye aliyekuwa akiombwa na wakunga. Wanawake wa Kimaya walivuka bahari kwa mitumbwi kutoka bara kwenda kuhiji kwake, wanaomba kupata mtoto, wanaomba kujifungua salama. Magofu ya hapo yanaitwa San Gervasio, katikati ya kisiwa, madogo, tambarare, njia nyeupe chini ya miti, hakuna cha kupanda. Watalii wengi wanaofika Cozumel wanakwenda kuzamia tu hawafiki kule. Na Isla Mujeres, kisiwa cha wanawake, kilipata jina hilo kwa sababu Wahispania walipofika 1517 walikuta sanamu za wanawake, na kule ncha ya kusini, Punta Sur, kuna mabaki ya kijumba cha Ixchel juu ya jabali.

Mama yako asikae chini ya mti. Pale ni kwake.

Mama Watatu

Mwalimu nimesoma hilo la mwisho nikashindwa kuendelea na kazi. Sikuwa najua kabisa, nimeshawahi kuliona jina la Ixchel kwenye hoteli nikadhani ni jina tu.

Sawa nimekubali, Tikal, Uxmal na Caye Caulker nimefuta, mume wangu kafurahi mno. Maswali yaliyobaki: (1) papa potwe Desemba wapo? (2) Visiwa viwili ni Isla Mujeres na Cozumel basi, tulale huko au tuende na kurudi? (3) Chakula, sisi hatuli nguruwe na nasikia kule kila kitu kina nguruwe. (4) Viza.

Sele Mashua

Nimerudi, nimemkuta mwalimu kasema yote, shikamoo mwalimu.

Potwe hapana dada, mwambie mapema asije akalia kule. Wanakuja kaskazini ya Isla Mujeres na Holbox kuanzia Juni mpaka katikati ya Septemba, Desemba hawapo, na yeyote atakayekuuzia safari ya potwe Desemba mkimbie. Badala yake mpeleke Akumal, iko njiani kati ya Playa del Carmen na Tulum. Jina lenyewe kwa Kimaya ni mahali pa kasa, na kasa wako mle kwenye ghuba wanakula majani ya bahari mwaka mzima. Kuna utaratibu, mnaingia na mwongozaji, laifu jaketi lazima, humgusi na humkaribii. Mwanangu alielea juu ya kasa mmoja kama dakika kumi, kasa anakula tu hana habari. Alitoka majini hasemi kitu.

Tena Isla Mujeres kuna makumbusho ya chini ya maji, sanamu zaidi ya 500 zimezamishwa baharini ili matumbawe yaote juu yake, huyo wa 14 akiwa anaogelea vizuri atapenda.

Desemba faida yake kubwa ni kwamba mwani ule wa kahawia, sargassum, mara nyingi haupo. Ukija miezi ya kuanzia Aprili mpaka Agosti unaweza kuta ufukwe wa Tulum umefunikwa na unanuka kama yai viza. Msimu wa vimbunga nao unaisha Novemba. Ila Desemba kuna upepo wa baridi kutoka kaskazini, wanauita *norte*, ukivuma siku mbili tatu bahari inachafuka na mamlaka ya bandari inafunga vyombo vidogo. Kwa hiyo USIWEKE kisiwa siku ya mwisho kabla ya ndege. Weka visiwa mwanzoni, magofu mwishoni, upepo ukija unageuza ratiba mnaenda magofuni.

Isla Mujeres boti kutoka Puerto Juárez dakika 20 tu, hiyo mnaweza kwenda na kurudi, mnakodi kigari cha gofu mnazunguka kisiwa chote, kina kilomita 7 tu kwa urefu. Playa Norte maji yanafika magotini mpaka mbali, huyo wa miaka 5 mwachie pale. Cozumel lala, angalau usiku mbili. Boti ni kutoka Playa del Carmen dakika 40 na kitu na ule mlango wa bahari una mkondo, unayumbisha, mwenye kutapika akae nyuma chini na asile sana kabla. Kuna sehemu inaitwa El Cielo, maji ya kiunoni, viti vya pweza vimelala chini kwenye mchanga, msivitoe majini hata kwa picha.

Siku mkitoka Chichén Itzá pitieni senote, yale mashimo ya maji baridi ndani ya mawe ya chokaa, sehemu kubwa ya rasi ile haina mito juu ya ardhi, maji yako chini. Ik Kil iko jirani pale ila ina ngazi nyingi kushuka, kama mita 26, bibi abaki juu kuna sehemu anachungulia vizuri. Mnaoga kwanza kabla ya kuingia, ni sheria.

binti kasa

Chakula nakujibu mimi maana na sisi hatuli. Shida sio nyama, nyama inaonekana, *cochinita* na *poc chuc* ni nguruwe unaziruka. Shida ni *manteca*, mafuta ya nguruwe, wanatia kwenye maharage na kwenye *tamales*, ule unga wa mahindi unaofungwa kwenye majani, bila kukwambia. Jifunze kusema "sin manteca, por favor", na uliza "¿tiene cerdo?" kila mahali hata kama umechoka. Samaki ndo mkombozi, kuna wa *tikin xic*, anapakwa kiungo chekundu cha achiote na maji ya machungwa machungu anachomwa juu ya moto kwenye jani la mgomba, hata mtoto anayekataa samaki atakula. Supu ya ndimu ya kuku nayo, *sopa de lima*.

Viza, kama mna viza hai ya Marekani, Uingereza, Kanada, Japani au Schengen, Meksiko hawadai ya kwao, kama hamna mnaomba ubalozini na anzeni mapema sana mkiwa sita. Na lipeni kwa peso, ukitoa dola wanakubadilishia wanavyotaka wao.

Mama Watatu

Jamani asanteni kutoka moyoni. Ratiba imekaa hivi: siku mbili Cancún tukipumzika na siku moja ya hizo Isla Mujeres, siku tatu Cozumel, halafu Akumal na Tulum, Cobá, tunalala Valladolid usiku mbili, Chichén Itzá saa 2 asubuhi siku ya katikati ya wiki, tunarudi.

Jana usiku nilimsomea mama yangu ile sehemu ya mwalimu kuhusu Ixchel na wanawake wa mitumbwi. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza hao wanawake walikuwa wanavuka wakiwa na mimba au kabla. Nikamwambia sijui, tutauliza huko. Akasema basi tufike mapema, na akaniuliza viatu gani vinafaa kutembelea njia ya mawe. Ni mara ya kwanza kuuliza chochote kuhusu hii safari.

Mwalimu, mwanangu anasema umri wako uandike kwa nukta na mistari aone kama anaweza kuusoma.

Mwl Kombo

Mwambie: juu nukta tatu, chini mistari miwili na nukta moja. Na mama akishafika San Gervasio naomba uje utuambie alichosema.